Wembe wa kukunja ulioshika kutu, jinsi ya kuurudisha ukiwa nyumbani

Kijana mmoja wa hapa Langoni kaniletea wembe wa marehemu babu yake, kautoa kwenye kasha, kutu imejaa hadi kufunguka ni tabu, auliza autupe ama? Usitupe ndugu yangu. Hizi nyembe za zamani, hasa zenye muhuri wa Solingen ya Ujerumani au Sheffield ya Uingereza, chuma chake ni cha kaboni, kinashika makali hasa, ila hewa ya chumvi ya huku Lamu haikionei huruma.

1. Kagua
Ukiona ufa, hata mwembamba vipi, achana nao. Vishimo vya kutu vikishafika kwenye makali pia ni shida, kila ukinoa yatameguka. Mpini ukinuka kafuri ni seluloidi, weka mbali na moto kabisa. Wa pembe usiuloweke maji, utapinda.

2. Toa kutu
Mafuta ya taa kwenye ribiti, kile kipini kinachoshika wembe na mpini, ulale hivo hadi asubuhi. Halafu msasa wa maji namba 400, 600, 1000, 2000, wembe umelazwa juu ya ubao, unavuta toka mgongoni kwenda makalini, kamwe usirudi kinyume, vidole vitaondoka. Siki mimi siitaki, inakula chuma. Grainda ndio kabisa usiguse, chuma kikipata moto kikageuka rangi ya samawati pale mahali hapashiki makali tena.

3. Kunoa
Hapa ndipo watu wanapolia, kwa hivo soma polepole. Kwanza jiwe lenyewe lazima liwe tambarare, chora mistari ya penseli juu yake, lisugue kwenye msasa uliolazwa juu ya kioo mpaka mistari yote itoke, manake jiwe lililobonyea halitanoa makali sawasawa. Anza na jiwe la 1000, kisha 4000, malizia 8000. Mgongo na makali vyote viguse jiwe wakati wote, mgongo ndio unaoshika mwinamo wa makali kwa hivo usiunyanyue hata kidogo, makali yatangulie, mkono mwepesi, na ukigeuza geuzia mgongoni. Sasa, kabla hujaenda mbali, paka makapeni kwenye makali pande zote mbili, pitisha mara mbili tu uangalie. Wino umebaki kwenye ncha? Basi ncha haigusi jiwe, usikandamize, vuta kwa mshazari kutoka kisigino, yaani makali ya upande wa mpini, hadi ncha, ukiachia kisigino kitoke nje ya jiwe. Usihame 1000 mpaka wino utoke wote na wembe ukate nywele za mkono, kote, sio katikati peke yake. Ukihama mapema hilo jiwe la 8000 litang'arisha ubutu.

4. Mkanda wa ngozi
Pitisha wembe juu ya mkanda mara 50 hivi, safari hii mgongo ndio unaotangulia.

5. Kutunza
Osha, kausha hadi ndani ya mpini, paka mafuta ya mtoto. Mafuta ya nazi yananata yakikaa. Jiki hapana, inaleta kutu, na usiuhifadhi kwenye mfuko wa ngozi, unavuta unyevu. Na uwe wako peke yako, kupangusa na spiriti hakutoshi kumkinga mwenzio na homa ya ini.