Mashua Zibishe, Manahodha Wasibishane: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Mbio za Rimoti

Kwenye chombo cha kweli, nahodha akigongwa anajua, maana chombo kikitikisika naye hutikisika. Kwenye mashua ya rimoti, yaani kijimashua cha matanga kinachoongozwa kwa redio, nahodha amesimama ukingoni, pengine mita 30 kutoka penye tukio, akiangalia matanga mawili yakipishana. Yeye anaona yamegusana. Mwenzake aliyesimama hatua kumi kushoto kwake anaona palikuwa na nafasi ya kupita mtumbwi. Wote wawili wanasema kweli ya macho yao. Nimeshiriki mbio hizi hapa Uingereza kwa miaka kadhaa, kwenye ziwa dogo la bustani ya umma, na ugomvi mwingi niliouona haukutokana na ubaya wa mtu. Ulitokana na mahali aliposimama. Ndiyo maana ukiniuliza klabu ifanye nini ili mbio ziwe za kirafiki, nitakuambia kazi kubwa ifanyike kabla ya mashua ya kwanza kulowa.

Anzeni na mashua zenyewe. Klabu changa hutamani kumpokea kila mtu na chochote alichonacho, na siku ya kwanza hupendeza kweli, lakini mashua ya sentimita 65 haishindani na ya mita 1 bila mtu kurudi nyumbani na kinyongo. Chagueni daraja moja, yaani aina moja ya mashua zenye sheria zilezile za vipimo. DragonForce 65, ambayo wengi huiita DF65, hununuliwa ikiwa karibu tayari, na sheria zake zinabana sana mabadiliko, kwa hiyo mwenye fedha hamwachi mbali asiye nazo. International One Metre ni daraja la waliokomaa: urefu wa mashua hauzidi mita 1, uzito haupungui kilo 4, na kwa kawaida mtu huja na seti tatu za matanga, kubwa, ya kati na ndogo, abadilishe kadiri upepo unavyokaza. Chombo cha kilo 4 kikikupiga ubavuni, si jambo la kucheka. Kwa klabu inayoanza ningechukua ile ndogo bila kusita.

Kisha kagueni namba za kwenye tanga. Ziwe kubwa, pande zote mbili, na mashua mbili zisifanane. Desturi ni kutumia tarakimu mbili za mwisho za namba ya usajili. Wawili wakiwa na 27, mmoja huongeza 1 mbele na kuwa 127. Msimamizi apite na karatasi yake kabla ya kuanza, asome kila tanga akiwa mbali kidogo, si akiwa amelishika mkononi. Namba 8 iliyobanduka ubavu mmoja husomeka 3. Nalijua hilo kwa sababu yangu ilibanduka, na mwenye 33 alipigiwa kelele raundi nzima kwa makosa ya 38.

Wazee wa mchezo huu hukumbuka enzi za kristali, vile vipande vilivyoipa kila rimoti masafa yake ya redio, ambapo watu wawili wakiwa kwenye masafa mamoja, mmoja akiwasha rimoti alimnyang'anya mwenzake mashua bila kukusudia. Klabu ziliweka ubao wa vibanio, na hukuruhusiwa kuwasha mpaka ushike kibanio cha masafa yako. Redio za 2.4 GHz zimeondoa balaa hilo. Lililobaki ni betri. DF65 hutumia betri nne ndogo za AA ndani ya mashua, na zikiisha katikati ya mbio mashua inageuka gogo: inaelea popote, inamgonga yeyote. Sheria inakutaka ukipoteza mawasiliano utangaze papo hapo namba yako na kwamba mashua haiongozeki, na mbio zako zimeishia hapo. Afadhali uchaji usiku. Asubuhi washa rimoti kwanza, ndipo uwashe mashua, na wakati wa kuzima fanya kinyume. Geuza usukani kulia na kushoto, vuta matanga na uyalegeze, tazama kizibo cha maji kimekaa na stika ya kufunika tundu la sitaha imeshika. Dakika tano hazifiki.

Manahodha wengi, chombo huenda mrama, na hakuna mahali methali hiyo inapothibitika haraka kama pale watu kumi wanapobishania boya la juu, lile la upande upepo unakotoka, liwekwe wapi. Siku moja, msimamizi mmoja, na zamu izunguke ili kila mtu aonje kulaumiwa. Yeye ndiye anayepanga maboya, na ayapange akikumbuka tatizo la macho: boya lisiwe mbali kiasi kwamba aliye ukingoni hawezi kusema kama mashua imeligusa. Mstari wa kuanzia ukate upepo sawasawa. Ukiegemea upande mmoja, mashua zote zitabanana upande huo na mtaanza siku kwa ajali. Atangaze pia eneo la kusimama waendeshaji, na aliondolee mabegi, viti na kamba. Mtu anayeendesha mashua hutembea huku macho yakiwa majini, na nimeshuhudia bwana mmoja mwenye heshima zake akiingia ziwani hadi magotini na rimoti yake.

Sasa sheria. Kiswahili kina utani wake: chombo kwenda dhidi ya upepo kwa kukata huku na huku tunaita kubisha, na watu kukataliana maneno nako ni kubishana. La kwanza linaruhusiwa siku nzima. La pili hupungua sana kama msimamizi atasema kwa sauti, kila wiki, hata mbele ya mabingwa, mambo manne. Mashua inayopokea upepo ubavu wa kushoto huipisha inayoupokea ubavu wa kulia. Zikiwa na upepo ubavu mmoja na zimelingana, yaani hakuna iliyo nyuma kabisa ya mwenzake, ya joshini (upande upepo unakotoka) huipisha ya demani (upande unakoelekea). Inayotoka nyuma huikwepa iliyo mbele. Na kwenye boya, ya ndani hupewa nafasi ya kuzunguka, ikiwa zilikuwa zimelingana ya kwanza ilipoingia kwenye eneo la boya. Katika mbio za rimoti eneo hilo ni urefu wa mashua nne, wakati vyombo vikubwa hutumia tatu. Kwa DF65 ni mita 2.6, na kwa ile ya mita moja ni mita 4. Namba hizi hazimsaidii mtu asiyezizoea kwa macho, kwa hiyo tandazeni kamba ya urefu huo kwenye nyasi kabla ya mbio, kila mtu aitazame. Mtashangaa ni wangapi walikuwa wakidhani ni nusu yake.

Namna ya kulalamika nayo ifundishwe mapema. Anayepinga hutaja namba yake, neno la kupinga, halafu namba ya mashua nyingine, na hurudia mara mbili. Basi. Hakuna "wewe bwana vipi", hakuna historia ya wiki iliyopita. Sisi tumeshikilia kwamba majini hakuna majina ya watu, kuna namba tu, na nadhani hilo limetuokoa kuliko kanuni yoyote iliyoandikwa. "Hamsini na mbili" haina mke, haina kazi, haichukii. Juma au John anaweza kuchukia.

Aliyekosea hulipa kwa mzunguko mmoja mzima, omo (mbele ya chombo) ikikata upepo mara moja na shetri (nyuma yake) mara moja, na aufanye mara tu anapopata nafasi, pembeni ya wengine. Kama bado kosa limemfaidisha sana, huongeza mmoja. Akimharibia mwenzake vibaya, au akamfanya ashindwe kuendelea, mzunguko hautoshi: hujitoa. Hapa ndipo ningependa klabu ikubaliane jambo la ziada, kwamba mwenye shaka azunguke. Unapoteza sekunde chache katika mbio za dakika kumi hivi, na mchana huo zitakuwapo nyingine nane au kumi. Asiyekubali kushindwa si mshindani, na asiyekubali kuzunguka ni hivyo hivyo.

Mkiwa na watu wa kutosha, teueni waangalizi wawili kati ya wasioshiriki raundi hiyo. Watembee ukingoni sambamba na mashua na watangaze namba za zilizogusana, bila kusema nani mkosa. Hiyo ni dawa ya pembe za macho. Walio mbali wanapata jicho lililo karibu, na wakosaji wanabaki na heshima ya kujihukumu wenyewe.

Kwa wageni, legezeni. Kisheria mshindani hampi mbinu mwenzake aliye mbioni, lakini klabu inaweza kukubaliana mapema kwamba mgeni atatembea na mwenyeji kwa wiki tatu za mwanzo, mkono begani, akiambiwa "vuta tanga, subiri, sasa geuka". Anayezomewa siku ya kwanza harudi.

Ziwa si lenu. Ombeni kibali, waacheni wapita njia wapite, na batamaji wakubwa weupe wakiingia kwenye mstari wa kuanzia, mbio zinasubiri. Hao hawasomi sheria. Kiangazi hapa maji hutuama na kuota mwani wa bluu na kijani wenye sumu, kwa hiyo oneni tangazo la bustani kabla ya kutia mkono majini, na naweni mikono kabla ya kula. Boti ya uokozi iwe tayari, na anayepanda avae jaketi la kuokolea, hata kama kina ni cha kiuno.

La mwisho ni alama: wa kwanza hupata 1, wa pili 2, na mwenye jumla ndogo hushinda. Matokeo mangapi mabaya yatafutwa, litangazwe asubuhi, si jioni baada ya kujulikana nani anafaidika. Kisha msimamizi abonyeze ile sauti iliyorekodiwa. Dakika mbili zinaanza kuhesabiwa, na katika sekunde kumi za mwisho, zinazotajwa moja moja, hakuna anayesema neno ila upepo kwenye matanga.