Kwa Baiskeli Kupitia Msitu wa Ngezi Hadi Ufuo wa Vumawimbi

Msitu wa Hifadhi wa Ngezi–Vumawimbi, ulioko kaskazini-magharibi mwa Pemba, una ukubwa wa hekta 1,440 hivi, na ndani ya eneo hilo dogo mwendesha baiskeli hukutana na udongo mzito chini ya mivule mikubwa, mawe ya matumbawe yenye ncha kali, na mchanga mweupe. Ugumu wa safari hii, kwa maoni yangu, hautokani na vilima bali na mabadiliko hayo ya ardhi.

Miezi ya Januari na Februari, wakati wa kaskazi, ndiyo inayofaa zaidi. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, afadhali usiende kabisa, kwa sababu tope hujaa kwenye breki na gia, na magurudumu huchimba mifereji ambayo mvua huendelea kuipanua.

Kabla ya kuondoka, tazama mwezi. Siku za bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, maji hukupwa sana mnamo saa nne asubuhi, na ufuo wa Vumawimbi huacha ukanda mpana wa mchanga mbichi, mgumu, unaopitika vizuri. Kila siku inayofuata wakati huo husogea mbele kwa takriban dakika 50. Ukifika maji yamejaa, utabaki na mchanga mkavu wa juu, na hapo utaikokota baiskeli badala ya kuipanda.

Nunua maji na chakula Konde, mji mdogo ulio karibu na msitu, kisha ripoti kwenye kituo cha msitu, ulipe ada na uulize ni njia zipi zinazoruhusiwa baiskeli. Vijia vya ndani vya kutembelea kwa miguu viachie watembeao: mizizi na miche iliyo pembeni mwake haivumilii tairi.

Jambo linalohitaji uangalifu mkubwa ni upepo wa tairi. Kwa tairi pana ya kawaida yenye tyubu, upepo wa paundi 35 hadi 40 (psi kwenye kipimo cha pampu) unatosha kwenye udongo mkavu na mawe. Ukipunguza zaidi ya hapo, ukingo wa jiwe huibana tyubu kwenye rimu na kuitoboa mara mbili. Kwenye mchanga kinyume chake ndicho kinachofaa: shusha hadi paundi 20 au 25, tumia gia nyepesi, kaa nyuma kidogo kwenye kiti, na usikate kona ghafla. Kwa hiyo pampu ni ya lazima, pamoja na tyubu ya akiba, viraka na gundi, kwa kuwa ukishapita Konde hutarajii kupata fundi karibu.

Ndani ya msitu nenda polepole. Tumbili huvuka bila kutazama, na juu ya miti huenda ukamwona popo wa Pemba, ambaye hapatikani kwingine kokote duniani. Mtazame bila kupiga kelele. Ukikutana na watu wa kijiji cha Makangale njiani, shuka au punguza mwendo, toa salamu, na uwe umevaa mavazi ya stara.

Panga kuwa umeshautoka msitu kabla ya magharibi. Ukirudi, osha baiskeli kwa maji yasiyo na chumvi siku hiyo hiyo, kausha mnyororo na uupake mafuta, kwani chumvi ya bahari hula chuma upesi.