Kabla hujaweka sahihi kwenye majaribio ya chanjo ya VVU

Usiisome fomu ya ridhaa palepale kliniki. Omba nakala uende nayo nyumbani, na ukinyimwa, usirudi tena. Ndivyo ninavyomjibu kila kijana anayenipigia kuniuliza kama ajitolee kwenye majaribio ya chanjo ya VVU. Majaribio hayo hapa nchini yamefanyika zaidi Dar es Salaam na Mbeya, lakini watoto wa Moshi wako kila kona: vyuoni, Kariakoo, kwenye majeshi. Wakikwama wanapiga nyumbani. Mimi ni muuguzi mstaafu, naishi Majengo, na nilikaa chumba cha ushauri nasaha hadi nywele zikageuka rangi.

Kwanza tafuta panapoandikwa awamu. Ikiwa ni ya kwanza, ujue wanachotaka kujua ni mambo mawili tu: je, chanjo ni salama, na je, mwili unaitikia kwa kutengeneza kinga? Kama inazuia maambukizi au haizuii, hilo halipimwi hapo, kwa sababu watu ni wachache mno. Uganda mwaka 1999 walianza na wajitoleaji 40. Dar es Salaam mwaka 2007, Chuo cha Muhimbili wakishirikiana na Taasisi ya Karolinska ya Sweden, walichukua watu 60 wenye afya njema, kutoka jeshi la polisi. Linganisha na Thailand: ilibidi washiriki zaidi ya 16,000 ndipo mwaka 2009 ikaonekana kinga ya asilimia 31 hivi, na hata hiyo haikutosha kuipeleka chanjo hospitalini. Kwa hiyo mtu akikwambia ukichomwa utakuwa umekingwa, huyo ama hajui kazi yake ama anakudanganya. Kondomu inabaki palepale, PrEP, zile dawa za kujikinga kabla ya kuambukizwa VVU, nayo vivyo hivyo.

Pili, soma kilichomo ndani ya sindano. Hakuna kirusi hai cha UKIMWI mle. Huwa ni vipande vilivyotengenezwa maabara, au maelekezo ya vinasaba ya kuvitengeneza, wakati mwingine vikibebwa na kirusi kingine kilichodhoofishwa. Chanjo yenyewe haiwezi kukupa VVU. Mtoto wa kaka yangu aliposikia hivyo akasema, "Basi shangazi, hakuna hatari." Nikamwambia, baba, geuza ukurasa. Mwaka 2007 chanjo moja iliyobebwa na kirusi cha mafua ilisimamishwa, na baadhi ya wanaume waliochanjwa walionekana kupata maambukizi zaidi kuliko wale waliopewa sindano isiyo na dawa. Fomu ya kweli inaitaja hatari ya namna hiyo bila kuzungukazunguka. Itataja pia maumivu ya mkono, homa, uchovu, na kwa baadhi ya chanjo mpya za mRNA (zile za maelekezo ya vinasaba), vipele vya kuwasha mwilini. Itasema huenda ukapewa sindano isiyo na chanjo kabisa, na wewe wala daktari anayekuchoma hamtajua ni ipi.

Sasa vaa miwani, maana hapa ndipo wengi wanaporuka.

Vipimo vya haraka vya VVU tunavyotumia vituoni vingi vinatafuta kingamwili, yaani kinga ambazo mwili hutengeneza dhidi ya kirusi, havitafuti kirusi chenyewe. Chanjo ikifanya kazi yake vizuri, mwili wako utatengeneza kingamwili hizohizo, na kipimo kinaweza kukuonyesha una maambukizi wakati huna. Hali hiyo inaweza kudumu miaka. Fikiria maisha ya huku kwetu. Unataka kufunga ndoa, kanisa linaomba majibu ya mwenzako na yako. Unaomba kuingia jeshini. Unakwenda kuchangia damu kwa ajili ya mjomba aliyelazwa. Mke wako ni mjamzito na mnapimwa wote wawili kliniki. Kila mahali pale kuna mtu mwenye koti jeupe ambaye hajawahi kusikia habari za majaribio yako, na kuna jirani kwenye foleni. Kwa mwanamke lipo la ziada: kingamwili za mama hupita hadi kwa mtoto, kwa hiyo hata kichanga kinaweza kusomeka vibaya mwanzoni.

Uliza kwa hiyo, na majibu uyatake kwa maandishi: nikihitaji kupimwa, nipimwe wapi? Jibu sahihi ni kwa watafiti wenyewe, kwa kipimo kinachotafuta kirusi chenyewe. Je, huduma hiyo itaendelea utafiti ukifungwa, kwa muda gani, na nani atalipa? Je, nitapewa kadi ya mshiriki na barua ya kumwonyesha mwajiri au mchungaji? Mwisho wa yote, omba kujua ulichomwa nini, maana siri hiyo hufunguliwa utafiti ukiisha. Damu usichangie mpaka hapo wakikuelekeza.

Vibali havina maneno mengi. Fomu iwe na idhini ya kamati ya maadili ya taifa iliyo chini ya NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, na utafiti uwe na kibali cha TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Angalia muhuri na tarehe, kisha piga ile namba ya kamati iliyoandikwa mwishoni, hata kama ni kusalimia tu.

Pesa watakupa, ya nauli na ya muda wako. Ikikuchangamsha kuliko maelezo mengine yote, lala kwanza. Sentensi ya kusaka ni ile ya madhara: ukiumia, nani atakutibu, na kuna bima? Wanawake wataambiwa watumie uzazi wa mpango kipindi chote cha sindano. Kama mnatafuta mtoto, sema mapema.

Watakupa maswali kupima kama umeelewa. Ukikosa, wakuelezee tena, si mtihani wa darasa la saba. Na hata baada ya sahihi unaweza kujitoa siku yoyote bila kutoa sababu na bila kupoteza matibabu yako ya kawaida. Waombe tu waendelee kukuangalia kwa usalama wako.

Wengi wanaoitikia wito hawachukuliwi. Damu pungufu, presha, ini, au maisha yenye hatari kubwa ya maambukizi, yote yanatosha kukurudisha. Hapo mtaani wataanza kunong'ona kwamba umekutwa na mdudu. Waache. Omba uelezwe sababu, omba na majibu yako ya vipimo, na ukija likizo Desemba nenda nayo hospitali hapa Moshi, Mawenzi au KCMC. Ile presha bado ni yako, utafiti au bila utafiti.