Somo la msitu lianzie chini: ushauri kwa walimu na wakulima wa iliki, Usambara Mashariki

Wanafunzi wanapofika msituni, macho yao huenda juu kwanza, kwenye miti mirefu kama msambu, ilhali jambo linalomhusu zaidi mkulima limo chini ya nyayo zao. Kwa hiyo tunashauri somo la kwanza lifanyike wakiwa wamechuchumaa. Watumie kijiti, si vidole, kwa sababu ya siafu na nyoka, wafunue majani makavu tabaka kwa tabaka: juu majani bado ni mazima; chini yake yamelainika na kushikamana kwa nyuzi nyeupe za kuvu, huku majongoo na mchwa wakiyatafuna; kisha hufuata mboji nyeusi iliyojaa vizizi, na mwisho udongo mwekundu. Hapo mwalimu aeleze kwamba udongo huo, uliooshwa na mvua kwa karne nyingi, una rutuba ndogo kuliko inavyodhaniwa, na kwamba miti hupata sehemu kubwa ya chakula chake kutokana na majani hayohayo yanayooza na kunyonywa tena na mizizi ya juujuu. Mkulima anayeyafagia na kuyachoma huiteketeza mbolea yake mwenyewe, na mvua za masika huyachukua majivu yaliyobaki.

Kisha wapime kwa kamba mraba wa mita 1 kwa mita 1, wahesabu maotea, yaani miche ya miti iliyojiotea yenyewe, halafu warudie zoezi hilo katika shamba la iliki kijijini. Iliki hupenda kivuli, hivyo miti mikubwa huachwa na kila kilicho chini yake hufyekwa; kwa mbali shamba huonekana msitu kamili, lakini ndani ya mraba mara nyingi hapana mche hata mmoja. Waulizwe: mti huu ukianguka, utarithiwa na upi? Swali hilo tunalithamini kuliko orodha yoyote ya majina ya kukariri.

Mara nyingi mrithi huwa Maesopsis eminii, mti wa kigeni katika milima hii, uliopandwa Amani, ambako bustani ya mimea ilianzishwa mwaka 1902. Hukua haraka penye mwanga, na hondohondo hula matunda yake na kudondosha mbegu mbali. Ndege huyo husambaza miti ya asili vilevile, kwa hiyo asilaumiwe. Kinachoupa mti huo nafasi ni uwazi tulioufungua sisi.

Mkulima naye, kabla ya palizi, achomeke vijiti kando ya maotea ya miti ya asili ili panga liyakwepe, na majani aliyofyeka ayatandaze kwenye mashina ya iliki. Ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto asilime kabisa, kama Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inavyolinda eneo hilo, kwani maji ya Mto Sigi ndiyo yanayotumiwa na wakazi wa jiji la Tanga.

Masika yakipita, wanafunzi warudi kwenye miraba ileile pamoja na mwenye shamba, wahesabu upya.