Go, went, gone: achana na jedwali, anza na kazi yako

Wengi wetu tuliosoma Tanzania au Kenya tulikariri vitenzi vya Kiingereza visivyofuata kanuni kwa kuimba darasani, tukifuata jedwali lililopangwa kwa alfabeti: arise, awake, bear, beat. Mtu anamaliza jedwali lote, mtihani anafaulu, kisha anafika Leeds au Minneapolis, msimamizi anamuuliza "What happened?" na jibu linatoka "He fall down". Kichwa chake ni kizima. Ila jedwali lilimwanzisha na arise, kitenzi ambacho unaweza kukaa Uingereza mwaka mzima usikihitaji mdomoni.

Vitenzi hivyo ambavyo bado vinatumika ni kama 200 hivi, na hesabu hiyo haikui. Kitenzi kipya kikiingia Kiingereza, kama text au google, kinachukua -ed bila matata. Vilivyong'ang'ania umbo la zamani hasa ni vile vinavyosemwa kutwa kucha: be, have, do, say, go, get, make, know, take, see. Huwezi kuvikwepa, lakini pia utavisikia mpaka vikuzoee.

Sasa chukua mtu anayetunza wazee. Zamu ikiisha anaandika ripoti, na ripoti nzima ni mambo yaliyokwisha kutokea: She slept well. She woke at six. She ate half her breakfast and drank some tea. She took her tablets. Hapo tayari vitenzi vitano. Ongeza gave, got, went, sat, felt, fell na hurt, na umeshapata sehemu kubwa ya anachohitaji kazini. Dereva wa vifurushi ana vyake: drove, left, brought, sent, lost, found, broke. Pitia unachoandika na kusema kazini kwa wiki moja, okota vitenzi vyako, na kila kimoja kiandikie sentensi nzima ya kweli, si neno peke yake.

Fell na felt zinastahili jioni yake. She fell ni alianguka. She felt dizzy ni alihisi kizunguzungu. Kinachozitenga ni t moja ya mwisho, na sisi tuliozoea maneno yanayoishia na irabu huwa tunaimeza au tunaiongezea i. Ukisema she falls, nesi ataelewa kwamba huyu bibi ana kawaida ya kuanguka, na hilo linaweza kuandikwa kwenye faili lake. Zitamke kwa sauti: fall, fell, fallen; feel, felt, felt.

Ukishakuwa na vyako, vipange kwa ukoo. Wapo wasiobadilika kabisa: cut, put, hit, hurt, shut, cost. Wapo wanaoacha d wakachukua t: send, spend, lend, build. Drink, sing, ring, swim na begin wanakwenda na i, a, u. Bring, buy, think, catch na teach, wakati uliopita wote wanaishia na mlio mmoja: brought, bought, thought, caught, taught; ile gh ni pambo tu, haitamkwi. Angalia read: kwa maandishi haibadiliki, ila ya wakati uliopita husomwa "red". Said nayo ni "sed".

Kuhusu safu ya pili na ya tatu za lile jedwali (eat, ate, eaten), Kiswahili chako kinakusaidia kuliko walivyokuambia shuleni. Nilikula ni I ate. Nimekula ni I have eaten. Yaani -li- inakupeleka safu ya pili, -me- inakupeleka safu ya tatu nyuma ya have. Kutendwa nako ni safu ya tatu: iliibiwa, it was stolen. Njia hii ina mashimo mawili. Sisi husema "jana nimemwona" na hakuna anayeshtuka, lakini Kiingereza kikishasikia yesterday kinadai saw. La pili ni -me- ya hali. Umeingia chumbani ukamkuta bibi usingizini, unasema amelala. Kwa Kiingereza ni she's asleep. Ukiandika she has slept, mwenzako wa zamu inayofuata ataelewa kwamba ameshalala na pengine ameamka. Amekaa ni she's sitting, amevaa ni she's wearing.

Halafu kuna "I didn't went", ambayo nadhani ndiyo inayotufichua upesi kuliko zote. Did imeshabeba wakati, kwa hiyo kitenzi kinarudi safu ya kwanza: I didn't go. Did she eat?

Mazoezi yafanye kwa sauti. Ukiwa unarudi nyumbani, jirekodi kwenye simu dakika mbili ukisimulia zamu yako kwa Kiingereza, kisha isikilize kesho yake. Makosa utayasikia mwenyewe. Ukipenda kadi, programu ya Anki inakurudishia sentensi kwa kuachanisha siku. Weka Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. Kumbuka tu ulipo: Marekani watasema I've gotten, Uingereza I've got.

Na kama una watoto wanaosoma huko, waombe wakusahihishe, ila wakati wa kazi za shule tu. Mezani iwe Kiswahili tu. Hapo ni zamu yako kuwasahihisha wao.