Maji na umeme ndani ya kodi: mambo ya kuzingatia Lubumbashi kabla ya kutoa garanti (amana ya nyumba)

Komisioneri, yaani dalali wa nyumba, akikuambia "maji na umeme viko ndani", usikimbilie bei. Muulize kwanza: viko ndani mpaka wapi? Hapa Lubumbashi, iwe Kampemba, Golf au Katuba, maneno hayo hubeba mapatano ya kila aina. Kuna mwenye nyumba anayelipa faktire (ankara) zote za SNEL, shirika la umeme, na REGIDESO, shirika la maji. Mwingine ananunua Cash Power, umeme wa kulipia kabla, ya kiasi fulani kila mwezi, ikiisha wapangaji wanachangishana. Mwingine tena anahesabu taa na televisheni tu, na siku akiona resho (jiko) ya umeme jikoni kwako mnaanza kugombana. Suala la resho lisipuuzwe. Anayekatazwa kupikia umeme atanunua makala (mkaa) mwezi mzima, na mvua zikianza makala hupanda bei. Bei ya gunia la makala iongeze kwenye kodi kabla ya kusema nyumba ni rahisi.

Kisha uliza nyumba inaishije umeme ukikatika, maana hapo ndipo pesa nyingi hupotea. Umeme wa mji huu hutoka mbali, kwenye mabwawa kama Nzilo na Nseke ya mto Lualaba na Mwadingusha ya mto Lufira, na migodi nayo inauhitaji. Delestaji, yaani mgawo wa umeme, ikija, kodi yako haipungui hata franka moja. Je, kuna jenereta? Mafuta ananunua nani, na inawashwa saa ngapi mpaka saa ngapi? Paseli (kiwanja chenye nyumba kadhaa) yenye foraji, yaani kisima cha kuchimbwa kwa mashine, inavutia, lakini pampu bila umeme haitoi maji, kwa hiyo angalia tangi. Tangi la lita 1,000 ni bidoni (madumu) 50 za lita 20. Paseli ikiwa na familia tano, kila moja inapata bidoni kumi za kunywa, kupika, kufua na kuoga, na pampu isipowaka kwa siku mbili mtaanza kuangaliana vibaya.

Usiikague nyumba mchana peke yake. Rudi saa moja jioni, wakati kila mtu anapika: taa ikififia pasi inapochomekwa, friji yako haitadumu. Fungua bomba alfajiri pia. Ongea na wapangaji waliopo, hasa akina mama, kwa sababu wao ndio wanaojua maji yanakuja siku gani na kwa saa ngapi. Komisioneri hawezi kukuambia hayo. Yeye anangoja chake.

Kompteri (mita ya umeme) moja kwa paseli nzima ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko yote. Jirani akiwa na kongeleta (friji za kugandishia) za kuuzia samaki au mashine ya kuchomelea vyuma, mzigo wake utakufikia, hata kama ni kwa njia ya kodi kupandishwa mwakani. Omba kuona faktire za miezi mitatu ya mwisho pamoja na risiti zake. Deni la zamani likiwepo, umeme ukikatwa hautakatwa kwa aliyehama, utakatwa kwako. Kwa maoni yangu, mwenye familia na friji afadhali achukue nyumba ndogo yenye kompteri yake. Mapatano ya "vyote ndani" yanamfaa zaidi mwanafunzi au mtu anayeishi peke yake na kurudi usiku.

Ukikubali, yote yaandikwe kwenye mkataba: vifaa unavyoruhusiwa, kiasi cha Cash Power, mafuta ya jenereta, na nani anatengeneza pampu ikiharibika. Kuhusu garanti, sheria namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015 inasema isizidi miezi mitatu kwa nyumba ya kuishi. Wenye nyumba wengi huomba zaidi. Taja sheria hiyo kwa heshima, mbele ya shahidi, na kila unachotoa kiwe na risiti yenye sahihi ya mwenye nyumba.

Mlinzi, takataka na kunyonya shimo la choo: uliza kama navyo vimo. Siku ya kupokea funguo, piga picha ya namba za kompteri na ya kila ufa, bomba na swichi mkiwa pamoja na mwenye nyumba, kisha mtumie picha hizo siku hiyohiyo.