Kuandaa Mkutano wa Wahifadhi wa Vitu vya Kale Kisumu

Ukiandaa mkutano wa wahifadhi wa sanaa na vitu vya kale mjini Kisumu, anza na ukumbi kabla ya hotuba, kwa sababu ziwa liko karibu, na ngozi ya ngoma iliyoletwa kwa maonyesho huweza kuota kuvu unyevu wa hewa ukizidi asilimia 65 kwa siku kadhaa. Weka kipimo cha unyevu mezani. Kigoda chenye ungaunga wa mbao chini yake, dalili ya wadudu watoboao, kifungwe ndani ya plastiki na kisiingizwe ukumbini. Chai inywewe nje. Makombo ya mandazi huita mende. Alasiri, wapeleke wageni Ber-gi-dala, boma la Kiluo lililo katika Makumbusho ya Kisumu, wajadili uhifadhi wa paa la nyasi wakiwa chini yake.